Kitita kinahesabu kisu, hakimhesabu anayelinda neva

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, mazungumzo ya afya nchini Tanzania yamekuwa mazungumzo ya bei. Kitita kipya cha NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bei zake, kilipoanza kutumika Machi 2024, hospitali binafsi zilikuja juu, na tukabishana kuhusu bei ya kumwona daktari bingwa, bei ya dawa, bei ya kipimo. Huku Kanda ya Ziwa mjadala ukaongezewa kipande kingine tarehe 19 Juni 2025, Daraja la JPM lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Mgonjwa wa Sengerema au Geita aliyekuwa akisubiri kivuko sasa anavuka kwa dakika chache, na rufaa ya kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza, haitegemei tena zamu ya kivuko. Wengi wanahitimisha hivi: wagonjwa wa upasuaji mkubwa wataongezeka Mwanza, basi ziletwe mashine na waongezwe madaktari bingwa. Hitimisho hilo lina nusu tu ya ukweli. Katika upasuaji wa uti wa mgongo, wa shina la ubongo na wa shingo kuna mtu ambaye hashiki kisu wala hatoi dawa ya usingizi. Anakaa pembeni na skrini akifuatilia neva, na kazi yake ni kujua, mgonjwa akiwa bado amelala, kama miguu, mikono, uso au sauti yake vingali vinawasiliana na ubongo. Dai langu ni kwamba ulinzi huo unatokana na mtu na uzoefu wake, mashine ikiwa chombo chake tu. Tukiendelea kumhesabu mtu huyo kama kifaa kinachokuja ndani ya boksi la mashine, tutakuwa na mashine nzuri zilizofunikwa shuka.

Kwanza, kazi yenyewe ni nini. Mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa hawezi kusema kwamba mguu umekufa ganzi. Zamani jibu lilikuwa kumwamsha katikati ya upasuaji na kumwambia achezeshe vidole vya miguu. Vauzelle na Stagnara waliieleza njia hiyo Ufaransa mwaka 1973, na hadi leo haijatupwa. Udhaifu wake ni kwamba inatoa jibu la dakika moja tu, na mara nyingi baada ya madhara kutokea. Njia ya umeme inauliza swali lilelile kwa saa zote za upasuaji bila kumwamsha mtu. Neva ya kifundo cha mguu au ya kiganja inachochewa kwa umeme mdogo, na elektrodi za kichwani, yaani vipokea umeme vidogo, zinasubiri habari ifike kwenye ubongo na kuonekana kama wimbi kwenye skrini. Kutoka mkononi inafika baada ya milisekunde 20 hivi, kutoka mguuni baada ya 37 hivi, kutegemea urefu wa mtu. Hiyo ndiyo njia ya hisia. Njia ya pili inakwenda kinyume: umeme unapigwa juu ya ngozi ya kichwa, msururu wa mapigo 5 hadi 7 yaliyoachana kwa milisekunde 2 hadi 4, mara nyingi kwa mamia ya volti, kisha misuli ya kidole gumba, ya muundi na ya unyayo inatazamwa kama imeitika. Waingereza Merton na Morton ndio walioonyesha mwaka 1980 kwamba ubongo wa mtu aliye macho unaweza kuchochewa hivyo bila kufungua fuvu. Njia ya tatu ni kusikiliza umeme wa misuli yenyewe, kwa mfano misuli ya uso wakati uvimbe unaondolewa karibu na neva ya sikio. Neva ikivutwa au ikiguswa vibaya, misuli yake inatoa mlipuko wa sauti kwenye spika.

Kwa nini zote tatu? Kwa sababu hakuna moja inayoona kila kitu. Njia ya hisia inapita zaidi upande wa nyuma wa ugwe wa mgongo, ule mkonga wa neva uliomo ndani ya pingili. Mshipa wa damu unaolisha upande wa mbele ukiziba, mgonjwa anaweza kuamka miguu imepooza ilhali mawimbi ya hisia hayakutikisika. Njia ya misuli inaona upande wa mbele, lakini kila ikipigwa mgonjwa anatikisika, hivyo haiwezi kupigwa mfululizo huku mpasuaji akiwa na kisu karibu na ugwe. Anayefuatilia lazima aseme kwanza, asubiri mkono wa mpasuaji utoke, ndipo apige. Pia meno hugongana: bila bandeji nene iliyokunjwa na kuwekwa kati ya magego pande zote mbili, ulimi unaokatwa na meno ndiyo ajali inayojirudia kuliko nyingine katika kazi hii. Ni jambo dogo na rahisi, lakini anayejua kulikagua mgonjwa anapolazwa kifudifudi, na kulikagua tena kila akigeuzwa, ni yule ambaye kitita hakimtaji.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wanunuzi wa mashine hawaielewi. Wimbi la hisia linalotafutwa kichwani lina ukubwa wa karibu mikrovolti 1. Umeme wa kawaida wa ubongo unaolizunguka unaweza kufika mikrovolti 20 au zaidi. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya stendi ya Nyegezi: ukisikia mara moja huambulii kitu, ila akirudia neno lilelile mara 300 na wewe ukazijumlisha zote, kelele zinafutana na neno linabaki. Kihesabu, kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio; marudio 300 hupunguza kelele mara 17 hivi, na mikrovolti 20 zinashuka hadi kama 1.2. Ukichochea mara 4.7 kwa sekunde, unahitaji zaidi kidogo ya dakika moja kupata wimbi moja linaloaminika. Na kwa nini 4.7, isiwe 5 kamili? Kwa sababu umeme wa TANESCO una hezi 50, na 50 ikigawanywa kwa 5 haibakizi kitu. Kila uchochezi ungekuta kelele ya umeme iko palepale kwenye mkunjo wake, na kujumlisha kungeikuza badala ya kuifuta. Mashine haimwambii mtu hilo. Inaonyesha tu mawimbi mazuri yenye kupanda na kushuka, na asiyejua anaweza kukaa saa tatu akilinda umeme wa ukutani.

Mwanza ina ugumu wake hapa. Mji umejengwa juu ya miamba ya matale, na ardhi ya mwamba haipitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyochimbiwa juujuu kwenye kilima inaweza kuwa ethi kwa jina tu. Ethi mbovu inaonekana kwanza kwenye vifaa vinavyopima mikrovolti, kabla haijaonekana penginepo. Ongeza kitanda cha umeme, blanketi la kumpasha mgonjwa joto, hadubini ya upasuaji, daiathemi (kifaa cha kukata na kuzuia damu kwa umeme), na simu ya mtu iliyochomekwa chaji kwenye soketi ileile. Anayejua kazi anaanza kwa kupima ukinzani wa kila elektrodi, unaotakiwa kuwa chini ya kiloohmu 5 na usiopishana sana kati ya elektrodi mbili zinazolinganishwa. Anasokota nyaya pamoja ili zisigeuke antena, anazitenga na waya wa daiathemi, kisha anachomoa kifaa kimoja baada ya kingine mpaka ampate mwenye makosa. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, anarudia kuangalia yote upya kabla ya kuamini wimbi lolote. Shughuli ya kuandaa mgonjwa mmoja inakula dakika 30 hadi 45, na zote ni kabla ya kisu.

Lakini kusafisha wimbi ni nusu rahisi ya kazi. Nusu ngumu ni kusema wimbi lililobadilika lina maana gani. Kanuni inayofundishwa ni kwamba ukubwa wa wimbi la hisia ukishuka kwa nusu, au likichelewa kwa asilimia 10, toa taarifa. Kanuni hiyo peke yake ni kengele isiyojua nyumba gani inaungua. Mawimbi ya mikono na ya miguu yakishuka yote pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni dawa ya usingizi iliyoongezwa, shinikizo la damu lililoshuka, au mwili uliopoa. Ukishuka mkono mmoja tu, mara nyingi mkono huo umekaa vibaya: umenyanyuliwa kupita nyuzi 90, au kiwiko kimegandamizwa kwenye ukingo wa kitanda, ukisogezwa, wimbi hurudi ndani ya dakika chache, na mgonjwa hatajua kamwe kwamba aliponea hapo. Miguu yote miwili ikishuka huku mikono ikiwa salama, na mpasuaji akiwa katikati ya mgongo, hapo ndipo moyo unapodunda. Hata hapo kuna hatua moja kabla ya kusema: wimbi la nyuma ya goti lipo? Kama halipo, huenda elektrodi ya kifundo imechomoka chini ya shuka. Kama lipo na la kichwani halipo, habari imekatikia njiani, na njia hiyo inapita chini ya mikono ya mpasuaji. Uamuzi huo wote unatakiwa kufanyika ndani ya dakika mbili tatu, kwa sababu ugwe uliokosa damu hausubiri.

Daktari wa usingizi naye yumo ndani ya hesabu hii kuliko mtu mwingine yeyote. Gesi za usingizi, iwe halotheni au isoflureni, hupunguza mawimbi ya kichwani, na dawa ya kulegeza misuli inafuta kabisa mwitikio wa misuli. Kwa hiyo makubaliano hufanywa kabla mgonjwa hajaingia: dawa ya kulegeza itolewe ya muda mfupi wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia tu, isirudiwe, usingizi ushikiliwe kwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, na dawa ya maumivu kupitia pampu, gesi iwe kidogo sana au isiwepo. Watu husema hapo ndipo hospitali zetu zinapokwama, kwa kuwa pampu ni chache na propofoli ina gharama. Ni kweli kwa kiasi. Lakini ketamini, ambayo hospitali za wilaya zimeitumia miaka yote, haiyazimi mawimbi haya kama gesi inavyofanya; huelekea hata kuyakuza mawimbi ya hisia. Ikichanganywa kwa kipimo kidogo na propofoli, inapunguza propofoli inayohitajika na kuacha mawimbi yakiwa hai. Hapa dawa ya bei nafuu iliyozoeleka ndiyo inayotufaa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na daktari wa usingizi asubuhi na kupanga hayo kabla ya sindano ya kwanza.

Ushahidi unasemaje? Mwaka 1995 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uliowauliza wapasuaji wa migongo iliyopinda, ukijumlisha upasuaji 51,263 uliofanyika huku mawimbi ya hisia yakifuatiliwa. Waliopata ulemavu ilhali mawimbi yalitulia walikuwa asilimia 0.063 tu. Takwimu hiyo ndiyo hunukuliwa na wauza mashine. Mimi naona nyingine iliyo kwenye uchunguzi huohuo ina uzito zaidi: timu zenye uzoefu wa kufuatilia zilikuwa na ulemavu wa neva chini ya nusu ya zile zenye uzoefu mdogo. Timu zote hizo zilikuwa na mashine. Mapitio ya wataalamu wa neva wa Marekani ya mwaka 2012 nayo yalikuta kwamba wote walioamka wamepooza walikuwa kati ya wale ambao mawimbi yao yalibadilika. Katika tafiti bora, kati ya asilimia 16 na 40 ya waliobadilika mawimbi waliamka na udhaifu mpya, na kati ya wasiobadilika hakuna hata mmoja.

Wapinzani wana hoja, na baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote ni kwamba tafiti za kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa wafuatiliwe na hawa wasifuatiliwe, ni adimu mno, na kwa upasuaji wa mgongo uliopinda ni vigumu kumpata mzazi atakayekubali mtoto wake awe kwenye kundi la pili. Halafu kuna mtego wa kimantiki: mawimbi yakishuka, mpasuaji akalegeza chuma, mawimbi yakarudi na mgonjwa akaamka mzima, je, huo ulikuwa uokoaji au kengele ya uongo? Hakuna anayeweza kuapa. Kwa upasuaji wa kawaida wa shingo kupitia mbele, au wa diski moja ya kiuno, faida haijaonekana wazi. Kwa goita, mpasuaji anayeitafuta neva ya sauti kwa macho na kuiona bado ndiye kinga kuu. Mpira wa kupumulia wenye elektrodi unamsaidia hasa goita ikiwa kubwa, ikiwa imerudi baada ya upasuaji wa kwanza, au pande zote mbili zikikatwa. Katika hali hiyo ya mwisho manufaa ni makubwa na ya wazi: ishara ya neva ya upande wa kwanza ikipotea, mpasuaji anaweza kusimama na kuuacha upande wa pili kwa siku nyingine, kuliko kuhatarisha neva zote mbili na mgonjwa aishie kupumulia tundu la shingoni. Nakubali pia kwamba kijana aliyeanguka na bodaboda akafika amepooza kabisa, bila hisia wala mwendo, hana wimbi la kulinda. Aliyebakiwa na mwendo kidogo ndiye mwenye cha kupoteza, na kwa bahati mbaya ndiye anayepelekwa thieta usiku wakati hakuna wa kumfuatilia.

Hoja ya anasa inasikika sana: tuna upungufu wa vitanda, damu na glavu, wewe unaongelea mikrovolti. Naiheshimu hoja hii kuliko zinazofuata, kwa sababu inatoka kwa watu wanaogawa kidogo kilichopo. Lakini inahesabu gharama upande mmoja. Mtoto wa miaka 13 aliyepooza baada ya kunyooshwa mgongo anahitaji kiti cha magurudumu, mipira ya mkojo kila siku, matibabu ya vidonda vya mgongoni na kwenye makalio vinavyorudi, na mtu mzima mmoja wa familia anayeacha kazi ya dagaa au shamba la pamba ili amhudumie. Gharama hiyo haionekani kwenye kitita cha upasuaji kwa sababu inalipwa Ukerewe au Magu, nje ya ankara. Ninaposema tuchague wagonjwa wachache wanaofaidika zaidi, nasema hivyo kwa sababu ya uchache wa fedha hasa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni mbili, na ajabu ndizo zinazosemwa kwa sauti kubwa. Ya kwanza: mpasuaji mzoefu anajua neva iko wapi. Anajua, ila mkono wake hauhisi shinikizo la damu lililoshuka kwenye ugwe, wala haoni kiwiko kilichobanwa chini ya shuka mita moja kutoka anapokata. Uzoefu wake unalinda kile anachokitazama. Ya pili: mashine za sasa zinatoa onyo zenyewe. Ni kweli zinapiga kelele wimbi likipita mstari uliowekwa. Zitapiga kelele daiathemi ikiwaka, gesi ikiongezwa, elektrodi ikilegea, na zitapiga kelele kila asubuhi mpaka mpasuaji aamuru zizimwe. Kengele inayolia ovyo ina hasara kuliko kutokuwa na kengele, maana siku ya kweli hakuna atakayegeuza shingo. Aliyewahi kuona chombo cha kupimia oksijeni kikinyamazishwa wodini kwa sababu kidole cha mgonjwa kilikuwa baridi anajua ninachosema.

Kuna jambo lingine ambalo fedha haziwezi kulitatua, nalo ni heshima. Thieta zetu zina ngazi. Anayefuatilia neva mara nyingi atakuwa kijana, pengine fundi sanifu au muuguzi, na mbele yake yupo profesa aliyemfundisha aliyemfundisha. Sentensi anayotakiwa kuitamka ni ngumu kwa malezi yetu: "Prof, samahani, naomba usimame. Mwitikio wa misuli wa miguu yote miwili umepotea tangu skrubu ya pili ya kushoto, mikono ipo sawa, elektrodi nimezikagua." Tazama kilichomo: nini kimebadilika, wapi, tangu lini, na nini kimeshaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Akisema tu "Prof, naona kama kuna shida kidogo", amejilinda yeye na hajamlinda mgonjwa. Dawa ya hili ni makubaliano yaliyoandikwa na kubandikwa ukutani, ili kijana akitamka maneno hayo asionekane anamfundisha kazi mkubwa wake. Makubaliano hayo yanajulikana: muziki na mazungumzo vinakoma, daktari wa usingizi anapandisha wastani wa shinikizo la damu hadi 85 au zaidi, anaangalia wingi wa damu na joto la mwili, mfuatiliaji anarudia kipimo na kukagua elektrodi, mpasuaji anarudi nyuma hatua moja, anaondoa skrubu ya mwisho au kulegeza kilichonyooshwa, yakishindikana, mgonjwa anaamshwa aambiwe achezeshe vidole, kama mwaka 1973.

Sasa turudi kwenye kitita. Ukitaka kujua jamii inathamini nini, tazama mistari ya ankara. Upasuaji una mstari, usingizi una mstari, skrubu zina mstari. Umakini wa saa tano wa mtu anayetazama mgonjwa mmoja ukimezwa ndani ya mistari hiyo, hospitali itakuwa na sababu nzuri ya kiuchumi ya kutomwajiri. Marekani walilazimika kulifikiria hili: tangu 2013 mfumo wao unatofautisha mfuatiliaji aliyemo ndani ya thieta akiwa na mgonjwa mmoja, anayelipwa kwa kila dakika 15, na yule aliye mbali anayetazama skrini. Kwa wanaotazama wakiwa mbali, Medicare, bima ya serikali yao hasa kwa wazee, ilikataa kulipia muda ambao macho yanagawanywa kwa wagonjwa wengi kwa wakati mmoja. Sisi hatuna haja ya kuiga bei zao. Kanuni ndiyo ya kuchukua: kinacholipwa ni umakini kwa muda, na umakini haugawanyiki bila kupungua.

Somo hilo linahusu pia ndoto ya kufuatilia kwa mtandao, mtaalamu akiwa Dar es Salaam na thieta ikiwa Mwanza. Inawezekana, na kwa kesi ngumu ingesaidia sana kuwa na macho ya pili. Lakini mtaalamu wa mbali haoni kiwiko, hachomoi chaji ya simu, harudishi elektrodi iliyochomoka, na intaneti ikikatika katikati ya kunyoosha mgongo anabaki yule aliyemo chumbani. Asipokuwepo anayejua kazi ndani, mtandao unamhamisha mjuzi mbali zaidi na tatizo.

Basi Mwanza ianze wapi? Kwa hesabu ya watu. Cheti cha wafuatiliaji cha Marekani kinadai mtu awe ameshiriki upasuaji 150 kabla ya mtihani. Tuseme hospitali ina kesi 2 kwa wiki zinazostahili kufuatiliwa. Ni kama 100 kwa mwaka, maana yake mwaka mmoja na nusu kumkomaza mtu mmoja akihudhuria zote. Na mmoja hatoshi, kwa sababu ataugua, atajifungua, atapata kazi kwingine. Ukifundisha watatu kwa pamoja, wawili wawili kwa kila kesi, mmoja akiongoza na mwingine akitazama, unazungumzia miaka miwili hadi mitatu. Anayepanga kununua mashine leo na kuajiri mtu baadaye ameupindua mpangilio. Udhamini wa mashine utaisha kabla mtu wa kwanza hajaiva.

Watu hao wanaweza kutoka kwa waliopo: wauguzi wa usingizi, wataalamu wa fiziotherapia wanaozijua misuli kwa majina, mafundi wa vifaa tiba, wanaopima umeme wa ubongo kwa wagonjwa wa kifafa. Chuo kikuu cha afya cha CUHAS kipo kilima kimoja na hospitali ya Bugando, hivyo darasa na thieta havitenganishwi na barabara. Waanze na njia ya hisia kwa wagonjwa waliopangwa mchana, kwa elektrodi za kikombe zenye gundi ambazo zinaoshwa na kutumika tena. Mwitikio wa misuli, unaotaka sindano za ngozini, uje baadaye. Sindano hizo ni za kutumika mara moja. Hospitali itakayoanza kuzichemsha ili kubana matumizi itakuwa imegeuza kinga ya neva kuwa njia ya homa ya ini na VVU, kwa hiyo idadi ya sindano kwa kila mgonjwa iandikwe ndani ya bei tangu mwanzo, isiachwe kwa huruma ya stoo.

Na kila kesi iache karatasi moja. Mawimbi ya mwanzo kabla ya kumgeuza mgonjwa na baada ya kumgeuza. Dawa za usingizi na vipimo vyake. Kila taarifa iliyotolewa, saa ngapi, nani aliambiwa, nini kilifanyika, na mawimbi yalirudi au hayakurudi. Mfuatiliaji alichomoa nyaya saa ngapi, ambayo iwe baada ya kidonda kufungwa na si mara tu skrubu zinapokaa, kwa kuwa damu inayovujia ndani inaweza kuubana ugwe dakika za mwisho. Kesho yake asubuhi mtu mwingine, asiyekuwa yule mfuatiliaji, ampime mgonjwa nguvu ya vidole, vifundo na magoti na kuandika namba chini ya karatasi hiyohiyo. Karatasi 200 za namna hiyo kutoka kilima kimoja ndizo zitakazowekwa mezani NHIF watakapoomba sababu ya kuongeza mstari kwenye kitita, na ndizo zitakazoonyesha ni upasuaji gani haukuhitaji kufuatiliwa, ili mstari huo usilipwe bure.